Kijana Anayengoja na Filamu ya Fedha Kidogo

Mhadhara wa umma, Mumbuni, Machakos

Nitazungumzia aina moja tu ya filamu, ile inayotengenezwa kwa fedha kidogo, nje ya studio na nje ya mashirika makubwa, ikamwangalia kijana aliyemaliza masomo au aliyeyakatiza njiani, akabaki katika mji wa chuo bila shughuli inayoeleweka. Nimeichagua kwa sababu kijana huyo ni wetu, na sijaona bado filamu ya Kenya iliyomwonyesha kama alivyo.

Machakos imekuwa mji wa shule kwa miaka mingi. Tangu chuo kikuu chetu kipate hati mwaka 2016, imekuwa pia mji wa mahafali. Kila mahafali huacha watu nyuma. Wengine hurudi kwao Makueni, Kitui au Mwingi. Wengine hubaki, kwa sababu chumba kimelipiwa hadi mwisho wa mwezi, kwa sababu rafiki ana godoro la ziada, na kwa sababu Nairobi iko kilomita zipatazo 60 tu na huenda simu ya kuitwa kazini ikalia kesho.

Mtazameni mmoja wao saa nne asubuhi kwenye steji ya boda boda. Yeye si mwendeshaji, rafiki yake ndiye mwenye pikipiki. Ana bahasha ya kaki yenye nakala za vyeti, na pembe zake zimeshalainika kwa kushikwashikwa. Wanabishana juu ya ligi ya Uingereza, kisha juu ya shamba la babu lililouzwa kwa bei ya kutupa, kisha wananyamaza. Abiria anakuja, rafiki anaondoka, yeye anabaki na kikombe cha chai cha mwenzake mkononi, anakilinda kisimwagike. Simu inatetema. Ni ujumbe wa bodi ya mikopo, HELB, kumkumbusha deni la masomo. Anausoma, anairudisha simu mfukoni, anaangalia vilima vya Iveti. Rafiki anaporudi, ubishi unaendelea pale ulipoachwa.

Hapo pana filamu nzima. Kwa nini basi haijapigwa?

Jibu langu ni kwamba kila anayelipia filamu humtaka kijana huyu awe kitu kingine. Chukueni Shuga, tamthilia ya mwaka 2009 iliyopigwa Nairobi, ambamo Lupita Nyong'o aliigiza kabla ya kujulikana duniani. Ilihusu wanafunzi na vijana wa mjini, nayo iliungwa mkono na UNICEF na mpango wa Marekani wa kupambana na ukimwi. Ilifanya kazi iliyokusudiwa, na huenda iliokoa maisha. Lakini ndani yake, kijana akiketi tu na wenzake, mtazamaji anajua kwamba kuketi huko kunaelekea kwenye funzo. Chukueni Nairobi Half Life ya mwaka 2012, aliyoiongoza Tosh Gitonga, filamu ya kwanza kuiwakilisha Kenya katika kinyang'anyiro cha Oscar. Mwas anaanza akiwa kijijini, anauza diski za filamu huku akiziigiza mbele ya watu, mikono hewani, sauti ya bunduki ikimtoka kinywani. Ningemtazama Mwas huyo kwa saa mbili! Hatupewi saa mbili. Anakwenda jijini, anaibiwa, anafungwa, naye anaingia katika genge. Filamu ni nzuri, na Joseph Wairimu alistahili tuzo ya uigizaji aliyopewa Durban. Hata hivyo, kijana asiye na kazi amekuwa mwizi tena.

Iliyonikaribia zaidi ni Kati Kati ya Mbithi Masya, iliyotuzwa na chama cha kimataifa cha wahakiki wa filamu huko Toronto mwaka 2016. Kaleche anazinduka nyikani bila kukumbuka lolote, anafika kwenye hoteli ambako vijana wenzake wanaogelea, wanacheza ngoma, wanagombana, wanapatana. Hawawezi kuondoka hapo. Nani asiyeyatambua maisha hayo? Ila wote wameshakufa. Ilibidi vijana wa Kenya wafe kwanza ndipo filamu iwape muda wa kukaa pamoja bila kukimbizwa. Naichukulia hiyo kuwa habari nzito juu ya nchi yetu.

Sasa niwapeleke mbali kidogo. Kiangazi cha mwaka 1989, katika mji wa Austin, Texas, wenye chuo kikuu kikubwa na vijana wengi waliokataa kuondoka baada ya masomo, Richard Linklater alianza kupiga filamu iitwayo Slacker. Alikuwa na dola zipatazo 23,000, kamera ya milimita 16, na wakazi wa mji karibu mia moja, wengi wao si waigizaji. Linklater mwenyewe anatokea mwanzoni. Anashuka kwenye basi, anapanda teksi, anamweleza dereva habari za ndoto zake, na dereva hajibu neno. Akishashuka, kamera haikai naye. Inamfuata mtu mwingine aliyepita hapo, kisha mwingine, kwa mchana na usiku mzima, hadi asubuhi ya pili. Hakuna shujaa. Watu wanatembea na kuzungumza, kuhusu siasa, mauaji ya marais, mapenzi, vitabu walivyosoma nusu. Mwaka 2012 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza Slacker katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa.

Yule kijana anayeongea peke yake katika teksi ni msomi. Amesoma, ana maneno, hana pa kuyapeleka. Mji wa chuo huzalisha watu wa namna hiyo kuliko mji wa kiwanda au wa bandari, kwa kuwa chuo humpa mtu lugha kabla hajapewa kazi. Kwa hiyo filamu ya vijana hawa lazima iwe filamu ya mazungumzo, na mazungumzo hayahitaji fedha nyingi. Halafu, kwa vile Linklater hakuwa na mfadhili wa kumridhisha, hakulazimika kumtia hatiani yeyote kati ya watu wale mia. Uchache wa fedha ndio uliompa ruhusa hiyo. Mfadhili mwenye akili timamu angeuliza: mhusika mkuu ni nani, na anajifunza nini?

Hata Afrika Mashariki tumeona jinsi fedha chache zinavyoweza kufika mbali. Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa gharama inayotajwa kuwa chini ya dola 200. Kompyuta yake ilipojaa aliifuta nakala ya asili ili apate nafasi ya kazi iliyofuata. Hizo ni filamu za mapigano na helikopta, si za watu wanaongoja, lakini zimefika duniani kote kutoka uani kwake. Dar es Salaam, Amil Shivji ameiita kampuni yake Kijiweni Productions, na ningetamani filamu nyingi zaidi zitoke vijiweni. Huku kwetu, wachekeshaji wa Kikamba na Kikuyu waliuza kazi zao River Road kwa miaka mingi, wakipiga kwa siku chache na kuingiza sokoni bila kungoja idhini ya tamasha lolote. Ujuzi upo.

Vifaa navyo vipo. Mwaka 2015 Sean Baker alionyesha Tangerine, filamu ndefu iliyopigwa kwa simu za iPhone 5s, nayo ilionyeshwa katika kumbi za sinema. Simu zilizomo ukumbini humu sasa hivi zinapiga picha safi kuliko hizo. Kinachoua filamu zetu changa ni sauti. Mtazamaji atavumilia picha yenye giza kidogo, lakini hatavumilia maneno yaliyomezwa na upepo na honi ya matatu. Mkiwa na shilingi elfu chache, msinunue lenzi. Nunueni maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola, na mpige mazungumzo kabla ya saa moja asubuhi au kwenye chumba chenye mapazia mazito. Jua letu la saa sita hufanya macho kuwa mashimo meusi, basi pumzikeni saa hiyo mle, kisha mrudi jua likiinama.

Kuhusu nani atafanya kazi bila mshahara, Wakamba tuna jawabu la zamani. Matuta yaliyozuia mmomonyoko katika milima yetu, ambayo watafiti wa miaka ya 1990 waliyaandikia vitabu, mengi yalichimbwa na mwethya. Kila mtu alikuja na jembe lake, mwenye shamba akapika, na zamu iliyofuata wakaenda kwa jirani. Filamu inaweza kupigwa hivyo hivyo. Mmoja alete simu, mwingine maikrofoni, wa tatu apike muthokoi, na mwezi ujao iwe zamu ya hadithi ya mwingine.

Mzazi mmoja ameniuliza, kabla hatujaanza, kama filamu ya namna hii haitasifu uvivu. Ni swali la haki, mama. Nakujibu kwamba kumtazama mtu kwa makini si kumsifu. Juni 2024 vijana walioitwa wavivu wa kushinda kwenye simu waliujadili mswada wa fedha kifungu kwa kifungu, wakaingia barabarani, na baadhi yao wakafa. Nchi ilishangaa. Nadhani ilishangaa kwa sababu haikuwahi kuketi nao kusikiliza wanachozungumza pale kwenye steji. Filamu ingeweza kufanya kazi hiyo mapema.

Kikwazo kinachobaki ni sheria. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inadai leseni kabla ya kupiga filamu ya kuonyeshwa hadharani, na mwaka 2014 mtayarishaji wa Stories of Our Lives alikamatwa kwa kosa la kupiga bila leseni. Kijana mwenye shilingi elfu tano hawezi kuanza na mguu mmoja mahakamani. Ombi langu la kwanza ni kwa serikali yetu ya kaunti, iliyowahi kutuahidi kituo cha filamu cha Machawood: ingefanya jambo dogo lenye faida kubwa zaidi kama ingewasimamia vijana hawa mbele ya wenye kutoa leseni na kulipa ada kwa niaba yao.

Ombi langu la pili nalielekeza kwa walimu na wakuu wa vyuo waliomo humu. Slacker haikuanza na kamera. Mwaka 1985, miaka minne kabla, Linklater na wenzake walianzisha chama cha kutazama filamu pale Austin, na Lee Daniel aliyemshikia kamera katika Slacker alitoka katika chama hicho. Tupeni ukumbi mmoja, jioni moja kila wiki, projekta na ukuta mweupe. Mlango uwe wazi kwa waliohitimu pia, hata kama kadi zao za uanafunzi zimekwisha muda. Tuanze na Kati Kati, kisha Slacker, kisha chochote watakacholeta wao wenyewe, hata kiwe cha dakika tano.