Damu Inayopimwa

Msikilizaji uliye Rejaf, Sudan Kusini, mjamzito akizidiwa safari yako ni ya kuelekea Hospitali ya Mafunzo ya Juba. Leo tunauliza: ubora wa huduma katika hospitali ya umma unapimwaje? Si kwa rangi ya ukuta.

Chukua kutokwa damu baada ya kujifungua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 Sudan Kusini ilipoteza akina mama 1,223 katika kila vizazi hai 100,000, na kutokwa damu ni kisababishi kikubwa. Kwa miaka mingi wakunga wamekadiria damu hiyo kwa macho, na macho hudanganya: shuka hunyonya, sakafu huoshwa.

Utafiti uliotolewa mwaka 2023 katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini ulitandika chini ya mama mfuko wa plastiki wenye alama za mililita. Damu ikifika mililita 500, mkunga hangoji: anakanda mji wa mimba, anatoa oksitosini ya kuukaza na dawa ya kuzuia damu, anaweka dripu, anamkagua mama. Damu nyingi ya hatari, upasuaji na vifo vitokanavyo nayo, vikijumlishwa, vilipungua kwa asilimia 60. Mfuko wenyewe si kazi ngumu. Kazi ni dawa kuwepo saa nane usiku.

Basi ukimsindikiza mama kujifungua, muulize mkunga kwa heshima: damu mnaipimaje hapa, na oksitosini ipo?