Barua ya Kuachishwa Kazi Isikate Matibabu

Hotuba kwa baraza la wananchi



Mtu akiachishwa kazi, kwanza huwazia karo na kodi ya nyumba. Matibabu hukumbukwa baadaye, mara nyingi mtoto akiwa tayari amelazwa. Leo swali hilo litangulie: bima ya kazini huendelea hadi lini?

Kwa bima ya kibinafsi inayolipiwa na mwajiri, jibu limo katika mkataba. Wengine hukatiwa siku ya mwisho ya kazi. Wengine huachiwa hadi kipindi kilicholipiwa kiishe. Mfanyakazi akitoka, mke au mume na watoto hutoka naye. Kwa hivyo mwulize mwajiri tarehe kamili, na akujibu kwa maandishi. Anayepunguzwa kazini ana haki ya notisi isiyopungua mwezi mmoja. Mwezi huo ndio wa kumaliza kliniki na kuchukua dawa.

Bima ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ina utaratibu wake. Usajili haufutwi kazi ikiisha, lakini mchango hukoma. Mwajiri alikuwa akikata asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi; kwa mshahara wa Sh30,000, hiyo ni Sh825. Asiye na mshahara hufanyiwa tathmini ya mapato ya nyumba yake, kisha hulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600 kwa mwaka.

Hapo ndipo familia nyingi huteleza. Husubiri kazi nyingine, na ugonjwa hausubiri. Aliyesajiliwa bado atahudumiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya umma, lakini kulazwa na upasuaji hospitalini huhitaji mchango uliolipwa.

Anayepunguzwa kazini hustahili pia malipo yasiyopungua ya siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi. Kabla pesa hizo hazijagawanywa, mchango wa SHA utengwe. Tathmini hufanywa kwa simu kupitia *147#, na Huduma Centre kuna maafisa wa kusaidia.

Kazi yaweza kuisha Ijumaa. Jumatatu, kabla ya kutafuta nyingine, hakikisheni nyumba ina bima.