Kurejesha kwa Usalama Upimaji wa Mfumo wa Mmeng'enyo wa Chakula baada ya UVIKO-19: Dawa Zinazotangulia Kipimo
Mada ya semina ya watoa huduma za afya, Mpapura, Mtwara



Nimepewa nusu saa na mada yenye jina refu. Maana ya mmeng'enyo wa chakula nisiwachoshe nayo. Upimaji wake ni kutafuta mahali kazi ilipokwama kati ya mdomo na choo. Kuna vipimo vya kupuliza pumzi mfukoni, vya mrija unaopitishwa puani kupima nguvu ya misuli ya umio, vya kamera na vya choo. Viwili vya kwanza sisi tunavisoma vitabuni. Cha kamera tunaandika rufaa. Kilichobaki mikononi mwetu ni kikopo cha choo, na ndicho nitakachokizungumzia.

Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na Shirika la Afya Duniani likaondoa hali ya dharura tarehe 5 Mei 2023. Kati ya tarehe hizo, huko kwenye mashine kubwa maabara nyingi zilisimama, kwa kuwa mtu akiingizwa mrija puani hukohoa usoni kwa mpimaji. Zilipofunguliwa, masharti yalikuwa yale tunayoyajua: wagonjwa wachache kwa siku, barakoa, glavu, madirisha wazi. Kwa barakoa hapa kwetu hatukuhangaika sana. Mkulima wa korosho anayepuliza salfa mwezi wa sita hahitaji kufundishwa kufunga kitambaa mdomoni.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nimepigana nalo tangu kabla ya UVIKO, na ambalo UVIKO imelinenepesha. Mgonjwa anapimwa akiwa ameshameza dawa.

Bakteria wa vidonda vya tumbo tunayemtafuta kwenye choo, Helicobacter pylori, aligunduliwa na Warren na Marshall kule Australia, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Anaishi kwenye ukuta wa tumbo, na vipande vyake hutoka na choo. Kipimo cha choo huvinasa. Lakini mgonjwa akiwa anatumia omeprazoli, bakteria hupungua bila kuisha, vipande navyo hupungua, na kipimo husema hayupo. Antibiotiki hufanya hivyo hivyo. Kwa hiyo omeprazoli inatakiwa isimamishwe wiki 2 kabla ya kipimo, na antibiotiki wiki 4. Wakati wa UVIKO antibiotiki ya azithromaisini ilinunuliwa hapa kama karanga, na mazoea hayo hayakuondoka na ugonjwa.

Wengine watasema tuna kipimo cha damu. Kipimo cha damu kinakosea upande wa pili. Kinatafuta kinga ya mwili, na kinga hubaki muda mrefu hata bakteria akishauawa. Nimeona mtu mmoja akipewa dozi mara tatu kwa kipimo hicho hicho, kila mara kikisema anaye. Sitaji kituo, na simlaumu mtu.

Nieleze la baba mmoja. Nilimuuliza, "Baba, umetumia dawa yoyote ya tumbo?" Akasema hapana. Nikamuuliza tena, akaapa. Mkewe alikuwa kimya pembeni. Nilipochukua kikopo, mama yule akafungua fundo la khanga, akatoa noti ya elfu mbili iliyokunjwa mara nne na karatasi ya omeprazoli imebaki vidonge viwili. "Hii siyo dawa, mwanangu," akaniambia. "Hii ya kutuliza tu." Mzee hakuwa amedanganya. Mimi ndiye niliyeuliza vibaya. Dawa kwake ni ile ya kuponya, na hii alikuwa akiimeza kila asubuhi kama watu wanavyokunywa chai.

Huo ndio usalama ninaouomba uongezwe kwenye miongozo yetu. Glavu zinamlinda mpimaji. Jibu la uongo linamrudisha mgonjwa nyumbani na kidonda chake, na kwa kuwa tumeliandika kwa mhuri, hatarudi.

Mapendekezo yangu, kwa kuzingatia kwamba maamuzi ni ya mamlaka husika:

Swali libadilishwe. Tusiulize "umetumia dawa?" Tuulize "tumbo likikuuma unameza nini?" na tutaje majina, pamoja na diklofenaki ya mgongo, maana hiyo nayo huchimba vidonda pasipo bakteria yeyote.

Kipimo kiahirishwe, mgonjwa asifukuzwe. Apewe tarehe. Maumivu yakimzidi katikati, vidonge vya magnesiamu vya kutafuna vitamsogeza.

Anayetapika damu, anayeshindwa kumeza, anayekonda bila sababu, au mwenye choo cheusi kama lami asisubiri wiki 2 wala asiachishwe dawa. Rufaa siku hiyo hiyo. Mwenye choo cheusi muulizeni tu kwanza kama anatumia vidonge vya kuongeza damu, maana navyo hufanya choo kuwa cheusi, na tumeshamtisha mjamzito mmoja bure.

Kipimo cha damu kisitumike kabisa kuangalia kama mtu amepona. Choo kirudiwe wiki 4 baada ya dozi kuisha, omeprazoli ikiwa imesimama wiki 2. Narudia kwa sababu hata sisi tunasahau.

Kikopo kiwe na mfuniko na kipokelewe dirishani, nje ya foleni ya wanaokohoa. Meza ifutwe kwa klorini ya asilimia 0.5. Jibu lisomwe kwa dakika zilizoandikwa kwenye boksi. Mstari unaotokea baada ya mpimaji kwenda kula si jibu.

Ndugu zetu wa maduka ya dawa wasionekane wakosaji. Wao ndio wanaomwona mgonjwa kwanza. Anayerudi mara ya tatu kununua omeprazoli aelekezwe kituoni kabla ya kuuziwa.

Mwisho, karatasi ya kuombea kipimo iongezwe mstari mmoja: kidonge cha mwisho cha tumbo alimeza lini. Tumeomba mstari huo muda mrefu, tukaambiwa fomu haibadilishwi kiholela, na ni kweli. Kwa hiyo nimechapa kikaratasi cha kubandika juu yake kwa pini. Nakala ziko pale karibu na birika la chai. Atakayeona kasoro airekebishe kwa kalamu kabla hatujaondoka.