Chuo Hakikuzwi na Kibao cha Getini



Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, hapa Bulyaga na katika mji mzima wa Tukuyu huzuka mjadala ule ule. Mzazi aliyeuza chai, ndizi na maparachichi ili apate ada huuliza: mwanangu akienda chuo cha kanisa, atasoma nini zaidi ya kuhubiri? Leo nataka tulijibu swali hilo kwa kukitazama chuo kimoja cha jirani zetu, yaani Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya, kilichoko Meru.

Nimeichagua Meru kwa makusudi. Nayo ni nchi ya mlimani kama Rungwe yetu: mvua, chai, kahawa na migomba. Tena Wamethodisti si watu wa mbali nasi. Mwaka 1736 John Wesley, mwasisi wao, alikuwa melini akielekea Marekani, dhoruba ikapiga. Yeye alishikwa na hofu ya kufa, lakini Wamoraviani waliokuwamo humo waliendelea kuimba. Hakusahau. Mwaka 1738, jijini London, Mmoraviani Peter Böhler ndiye aliyemshika mkono katika imani. Na Wamoraviani ndio waliofika Rungwe mwaka 1891. Kwa hiyo, tukizungumzia Meru, tunazungumzia ukoo.

Wamethodisti walizoea kujenga vyuo vidogo ambamo kijana husoma lugha, historia, falsafa, hesabu na sayansi kwa pamoja, ili atoke akiwa mtu wa kufikiri. Kimoja cha namna hiyo, kule Macon katika jimbo la Georgia, Marekani, kilipata idhini mwaka 1836 ya kutoa shahada kwa wanawake, wakati ambapo wengi waliona jambo hilo ni kichekesho.

Nchini Kenya walianza Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862, na baadaye wakapanda hadi Meru. Mwaka 1958 wakafungua huko chuo cha kufundisha watumishi wa kanisa. Hakikuwa na makuu. Mwaka 1997 ndipo serikali ilipowapa idhini ya muda ya kuendesha chuo kikuu, na mwaka 2006 wakapata hati kamili. Hesabuni wenyewe: tangu 1958 hadi 1997 ni miaka 39. Leo huko Meru hawasomi theolojia peke yake. Wapo wa ualimu, biashara, kilimo, uuguzi na udaktari. Mzazi wa Bulyaga, jibu lako ndilo hilo.

Lakini sikuja hapa kupiga tarumbeta. Chuo hicho, kama vingine vingi vya binafsi Kenya, kilifungua matawi mijini: Nairobi, Mombasa, Nakuru. Wanafunzi walikuwa wengi, na ada zilikuwa zikiingia. Kisha ukaja mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2016. Udanganyifu ulidhibitiwa, na watahiniwa waliofikia alama za kuingia chuo kikuu wakashuka hadi chini ya 90,000, ilhali mwaka uliotangulia walizidi 160,000. Mwaka huo huo wa 2016 serikali ilianza kuwapeleka wanafunzi wake katika vyuo binafsi, lakini malipo yakawa yanachelewa, madeni yakarundikana. Mwaka 2023 utaratibu huo nao ukabadilishwa, wanafunzi wapya wa serikali wakaacha kupelekwa huko. Jengo la ghorofa halijui kwamba wanafunzi wamepungua. Deni lake linadai vile vile.

Hapo ndipo penye funzo kwetu. Mkoa wetu wa Mbeya una Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji cha Kanisa la Moravian, ambacho nacho kilichipuka kutoka chuo cha theolojia. Vyuo vya namna hii huuawa na mambo mawili. La kwanza ni viongozi wanaotaka matawi kabla shina halijakomaa. La pili ni sisi wenyewe, tunaokidharau cha kwetu mpaka kikafungwa, ndipo tukakililia.

Basi, mzazi, usiulize tu chuo ni cha nani. Uliza kama Tume ya Vyuo Vikuu inaitambua kozi anayoitaka mwanao. Uliza walimu ni wangapi na wanalipwa kwa wakati. Ingia maktaba, utazame kama kuna watu wanaosoma. Na ninyi wachungaji na wazee wa kanisa, kabla ya kuweka jiwe la msingi la tawi jipya, tengenezeni kwanza paa linalovuja la maabara ya zamani. Meru walingoja miaka 39, na shina lao likashika ardhi. Kilichowatikisa kilikuja walipoanza kukimbia.