Siku Kumi za Danieli

 

Jioni moja tulikuwa tukipita sokoni Githurai 45, upande wa reli, saa ile makanga wanapoita abiria na akina mama wanapowasha taa juu ya mafungu ya nyanya. Mama mmoja wa kanisani, muuza mboga, akatuita kwenye genge lake. Tulidhani kuna mgonjwa. Kumbe alitaka shauri juu ya bintiye wa Gredi ya 9: je, achague mkondo wa Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, au achukue njia nyepesi?

"Mwalimu wake anasema ataweza," akatuambia. "Baba yake anasema tutajitesa bure. Nawe Mchungaji wasemaje?"

Wengi wenu mnalo swali hili nyumbani. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10 mnamo Januari 2026, na sekondari pevu ni ya miaka 3. Mikondo nayo ni mitatu: huo tulioutaja, wa sayansi ya jamii, na wa sanaa na michezo. Wa mkondo wa kwanza husoma hisabati kamili. Wengine husoma ile ya kimsingi. Basi mtoto wa miaka kumi na minne au kumi na mitano anatakiwa kutaja mkondo wake, na shule 12 anazozitaka. Wazee wetu waliosoma kidato cha tano na cha sita, ambacho mtihani wake wa mwisho ulifanywa mwaka 1989, wanakumbuka uchaguzi wa namna hii. Lakini wao walikuwa wameanza kuota ndevu.

Hatukumjibu mama yule upesi, na sababu ni hii. Miaka mingi iliyopita kijana mmoja alitujia akitaka kuacha fizikia. Tulimwambia asiache. Tulitamani awe daktari, kwa maana usharika wetu haukuwa na daktari hata mmoja. Alitii kwa heshima, akakesha usiku mwingi, na matokeo yalipotoka yalikuwa mabaya. Hakutulaumu. Alianza tu kupita njia ya nyuma ya kanisa ili tusikutane naye.

Kwa hiyo tulimwomba mama atuletee binti mwenyewe. Tulipomwuliza, ilionekana kwamba hakuna aliyekuwa amemwuliza kabla yetu. Akasema hisabati anaipenda, ila anaogopa kushindwa na fedha za mboga ziwe zimepotea.

Ndipo tulipomkumbuka Danieli. Yeye na wenzake hawakuchagua kwenda Babeli. Walichukuliwa mateka, wakatiwa katika masomo ya miaka 3, lugha na elimu ya Wakaldayo. Masomo hayo magumu, tena ya kigeni, Danieli hakuyakataa. Alichokataa ni chakula cha mfalme. Wala hakubishana na msimamizi, bali aliomba wajaribiwe kwa siku 10, wale mboga na kunywa maji, kisha watazamwe nyuso zao. Sisi wahubiri twapenda sana kusema habari za zile mboga, tukazisahau siku.

Tukawaomba wajaribu siku 10. Binti aamke saa kumi na moja alfajiri, na kila jioni afanye hisabati saa nzima kabla ya kazi nyingine yoyote. Lakini jaribio hilo halikuwa lake peke yake. Katika chumba kimoja cha kupanga, mtoto hawezi kusoma ikiwa redio inanguruma na yeye ndiye anayetazamiwa kuosha vyombo. Basi vyombo vikapewa kaka yake, na mama akakubali kufunga genge bila msaada wake. Baba naye tulimpa kalamu, kama yule mtu wa mfano wa Bwana Yesu aliyeketi kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Karo ya shule za bweni zilizoitwa za kitaifa ni shilingi 53,554 kwa mwaka, na bado sare, godoro na nauli. Shule ya kutwa ni nafuu, lakini aende aitazame kwa macho yake, aulize kama maabara ina vifaa au ina mlango tu.

Neno moja tulimwomba mama aliache: hilo "nyepesi". Mwanasheria, mwalimu wa historia na mwandishi wa habari hawakupita njia nyepesi. Binti akiona baada ya siku 10 kwamba moyo wake uko huko, atakuwa amechagua, hatakuwa amekimbia.

Leo ni siku ya sita. Jioni ya tatu umeme ulipotea. Jioni ya tano alilala juu ya daftari, na mama hakumwamsha. Jana, atuambia mama, baba aliinuka akazima redio mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Akifanya hivyo tena leo, maneno yetu haya hayatamfikia, wala hatutamlaumu.

Kwaherini, hadi juma lijalo.