Nani Anaamka Saa Kumi?

Juma lililopita nilizungumza nanyi juu ya desturi ya kuandika kila siku. Nilisema, tena kwa sauti ya mtu anayejiamini, kwamba hakuna mtu asiye na muda wa kuandika. Kuna mtu asiyetaka kuamka mapema. Leo narudi kusahihisha kauli hiyo. Katika kazi yetu ya habari, kosa lililotangazwa hewani husahihishwa hewani.

Kwa faida ya wale ambao hawakuwa nasi, nieleze kisa kilivyoanza. Tangu Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilipoanza kutolewa mwaka 2023, watu wengi wamekuwa wakiniuliza habari za kuandika hadithi. Mmoja wao ni mwalimu wa shule ya msingi katika vijiji vya Kasulu, mama wa watoto wanne. Aliniletea barua. Alisema tangu akiwa chuo cha ualimu ana hadithi moja kichwani. Kila mwaka husema ni mwaka huu, na kila mwaka mvua zinaanza, mvua zinakwisha, na daftari bado jeupe. Akaniuliza: "Wewe unafanya kazi ya redio, una familia, una shamba. Hizo hadithi zako unaziandika saa ngapi?"

Nilimjibu kwa furaha, maana hakuna swali linalompendeza mtu kama lile linalompa nafasi ya kujisifu. Nikamweleza ratiba yangu. Naamka saa kumi na moja alfajiri. Nakaa mezani na kaunta buku yangu hadi saa kumi na mbili na nusu. Ukurasa ukijaa nafunga, naoga, nakunywa chai, naenda kazini. Nikampigia na hesabu: maneno 150 kwa siku si mengi, ni kama barua fupi ya kumwomba mtu mbegu ya maharage. Lakini kwa siku 365 ni maneno 54,750, na hapo umekwisha pata riwaya fupi. Haba na haba hujaza kibaba.

Kisha nikaleta mashahidi. Shaaban Robert, aliyezaliwa 1909 na kufariki 1962, alikuwa karani wa serikali ya kikoloni tangu 1926, akianzia idara ya forodha, na kazi zake nyingi alizitunga akiwa mwajiriwa. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyemuumba Bwana Msa, alikuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuwa mhariri wa gazeti. Ben Mtobwa, mtoto wa huku kwetu Kigoma aliyefariki 2008, alimuumba mpelelezi Joram Kiango huku akifanya kazi ya uandishi wa habari. Na juu ya wote nikamweka Mwalimu Nyerere. Alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare: ile ya Juliasi Kaizari ilitoka 1963 na Mabepari wa Venisi ilitoka 1969, naye miaka hiyo alikuwa Rais wa nchi. Nikauliza: kama mkuu wa nchi alipata muda, wewe mwalimu umekosaje?

Basi jioni ile nikarudi nyumbani Kibondo nikiwa na kifua mbele. Nilimkuta mke wangu uani anachambua maharage, redio iko pembeni yake. Hakunipongeza. Alisema bila kuinua kichwa:

"Baba watoto, umewaambia watu waamke saa kumi na moja. Mbona hukuwaambia nani anaamka saa kumi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Alfajiri iliyofuata sikuandika. Niliamka kabla ya wakati wangu, nikakaa mezani gizani, nikasikiliza. Saa kumi mlango wa nyuma ulilia. Yakafuata madumu, yakigongana. Kisha kimya kirefu; hiyo ndiyo foleni ya bombani. Halafu ufagio uani. Halafu kuni zikipasuliwa, sufuria ikifunikwa, mtoto mdogo akiamshwa, mwingine akitafuta soksi. Na katikati ya hayo yote sauti ya mke wangu, chini chini: "Taratibu jamani, baba yenu anaandika."

Ndugu wasikilizaji, sauti hizo nimezisikia kwa zaidi ya miaka kumi, tangu nilipoanza desturi hii. Hata nimezitumia. Katika hadithi yangu mojawapo nimeuita ufagio wa alfajiri kuwa ni muziki wa mji mdogo. Sikuwahi kujiuliza huyo mpiga muziki amelala saa ngapi.

Nikashika kalamu nikapiga hesabu ya pili, ile ambayo sikuitangaza. Ukurasa wangu mmoja unagharimu saa moja na nusu. Ndani ya saa hiyo na nusu kuna maji, kuna moto, kuna uji, kuna watoto watatu wa kuandaliwa kwenda shule. Kazi hizo hazikuahirishwa kwa sababu mimi ninatunga. Zilihamishwa tu, zikaenda mgongoni kwa mtu mwingine. Nilidhani nimeutafuta muda nikaupata. Kumbe niliukopa, tena bila kumwambia mwenye nao.

Nikawarudia wale mashahidi wangu. Siwapunguzii heshima hata kidogo. Bidii yao ni bidii. Lakini sisi tunaowataja hatuna desturi ya kuuliza nani alikuwa akipika. Tunasimulia kwamba fulani alikuwa karani mchana na mtunzi usiku, tunastaajabu, tunafunga kitabu. Habari za jikoni hazimo. Kisha tunawageukia akina mama na kusema, mbona ninyi hamwandiki?

Wapo walioandika, na tunawajua. Penina Muhando alitoa tamthilia ya Hatia mwaka 1972. Riwaya ya Ndyanao Balisidya iitwayo Shida, na Hana Hatia ya Martha Mvungi, zote zilitoka 1975. Na mbele yao wote, kule pwani ya Kenya, Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utenzi mwaka 1858, yeye mwenyewe akiwa mgonjwa, na utenzi huo unasomwa mpaka leo. Kwa hiyo akili ya kutunga haikukosekana. Lakini weka orodha hiyo karibu na ile ya wanaume, utaona ilivyo fupi. Nilikuwa karibu kusema ni uvivu. Sasa nasema ni jambo jingine, na jambo hilo nililijifunza bombani.

Siku ya tatu nilimwambia mke wangu abaki kitandani, nikachukua madumu mwenyewe. Binti yetu wa darasa la saba, ambaye kila siku humsindikiza mama yake, akanifuata. Njiani jirani mmoja alisimamisha baiskeli yake, akaniangalia, akaangalia madumu, akauliza kwa huruma ya kweli, "Mama watoto anaumwa?" Nikamjibu hapana, haumwi. Alikwenda zake akiwa hajaridhika, na nadhani habari ilifika sokoni kabla yetu.

Bombani tulikuta foleni. Binti akageuza dumu, akalikalia chini ya taa ya duka lililo karibu. Akatoa kwenye kanga daftari dogo lililokunjwa na kipande cha penseli. Akaanza kuandika, haraka haraka, kama mtu anayewahi gari.

Nikamuuliza, "Unaandika nini?"

"Hadithi, baba."

"Umeanza lini?"

"Tangu nilipokuwa darasa la tano."

"Mbona nyumbani sijakuona hata siku moja?"

Akafikiri kidogo. Akasema, "Nyumbani naitwa, baba. Hapa foleni ni ndefu, hakuna anayeniita."

Neno hilo limenikaa. Naitwa. Njoo uoshe vyombo. Njoo umbebe mdogo wako. Mletee baba maji ya kunywa. Mimi nikiwa mezani siitwi. Nyumba nzima inatembea kwa ncha za vidole ili nisiitwe. Tofauti yangu na binti yangu si kipaji wala juhudi. Tena kwa juhudi amenizidi, maana yeye ameandika miaka miwili juu ya dumu. Tofauti ni kwamba yeye anaitwa.

Ndiyo maana ewe mwalimu wa Kasulu, naomba jibu langu la juma lililopita ulifute. Sipingi kuamka mapema. Lakini wewe huenda unaamka saa kumi tayari, na mtu hawezi kuambiwa akaamke kabla hajalala. Nakupa jibu jingine, dogo zaidi.

Kwanza, jambo hilo litangaze nyumbani kwako. Usiandike kwa siri kama mtu anayeiba sukari. Sema mbele ya mumeo na watoto: ninaandika hadithi, na kila siku nahitaji dakika ishirini ambazo siitwi. Dakika hizo zipewe jina na mahali pake. Mtu mwingine ashike mtoto, mwingine aangalie sufuria. Wakikataa, walau mtajua mnazungumza juu ya nini. Kisichosemwa hakigawanywi.

Pili, siku ambazo haiwezekani, andika mistari miwili. Hili nalisema kwa uzoefu. Mwaka 2015, machafuko yalipoanza Burundi na watu wakaingia mkoani kwetu kwa maelfu, na kambi ya Nduta hapa Kibondo ikafunguliwa tena mwezi Oktoba, sisi watangazaji hatukuwa na asubuhi wala jioni. Leo uko Nduta, kesho uko Nyarugusu upande wa Kasulu, na barabara wakati ule haikuwa na lami. Kiangazi ni vumbi, masika ni tope. Kwa miezi mingi sikujaza ukurasa hata mmoja. Lakini nyuma ya daftari la kazi nilikuwa naandika mistari miwili ya kitu nilichokiona ambacho si habari. Siku moja niliandika juu ya mama aliyevuka mpaka bila mzigo wowote, ila alikuwa na ufunguo wa nyumba aliyoiacha. Taarifa ya habari haikuwa na nafasi ya ufunguo huo. Baadaye nilipokaa mezani, ufunguo huo ndio ulionifungulia hadithi.

Tatu, usimfukuze mgeni kwa ajili ya daftari. Huku kwetu kwa Waha salamu haiishi kwa neno moja. Mzee huinamiwa, hupigiwa makofi ya heshima, huulizwa hali ya nyumba, ya ng'ombe na ya shamba. Anayekatiza salamu ili awahi kuandika, ataandika habari za watu gani? Mvua za kwanza zikianguka, nenda kapande. Hadithi itakungoja, mahindi hayangoji.

Na sasa niseme neno kwa wenzangu, akina baba mnaonisikiliza mkiwa na kalamu, au gitaa, au hata bao tu chini ya mwembe. Kila mmoja wetu ana saa yake anayoipenda. Hebu ulizeni ni nani anayeilipia. Sikusema muiache. Nimesema mjue bei yake, na bei mkiisha kuijua, mchangie.

Nyumbani kwangu tumekubaliana hivi. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa maji na moto ni vyangu, na mama watoto analala hadi saa kumi na mbili kasorobo. Siku hizo naandika nusu ukurasa usiku, macho yakiwa mazito, na sentensi zangu zinaonyesha. Riwaya niliyotarajia kuimaliza mwaka huu haitamalizika mwaka huu. Imeniuma, sitaki kusema uongo. Lakini maumivu hayo kwa zaidi ya miaka kumi yalikuwa ya mtu mwingine, na yeye hakupata redio ya kuyatangazia.

Na Jumamosi, kuanzia saa kumi jioni hadi saa kumi na moja, meza ni ya binti. Mlango unafungwa. Haitwi na mtu.

Jumamosi iliyopita ilikuwa ya kwanza. Nilikuwa uani, jua kali, koo limekauka. Kwa mazoea nikaita jina lake, aniletee maji ya kunywa. Nilisikia kiti kikisogea mle ndani. Kabla hajafika mlangoni, mama yake akajibu kutoka jikoni:

"Binti ana kazi. Maji yako mtungini, baba watoto. Na kikombe unakijua."

Nilinyanyuka nikaenda mtungini. Kiti mle ndani kikarudi mahali pake.

Mpaka juma lijalo, panapo majaliwa, kwaherini.