Pumzi ya Singida na Mgongo wa Mrushaji

Wazazi, walimu na vijana wa Kinyangiri, mkoa wetu umezoea kupima uimara wa kijana kwa umbali anaoweza kukimbia, na una sababu. Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alipata shaba ya marathoni ya dunia London mwaka 2017, na Septemba 15, 2025 akatwaa dhahabu Tokyo. Hoja yangu ni kwamba kipimo hicho kikihamishiwa kwenye kriketi kama kilivyo, hupotosha mazoezi na chaweza kumuumiza mtoto. Vijana wa Tanzania wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia la kriketi la 2026 la rika lao kwa mara ya kwanza. Mchezo huu ukifika shule za wilaya yetu ya Mkalama, uwakute walimu wanaojua wanaandaa mwili wa namna gani.

Mpigaji anayetafuta mkimbio mmoja hukimbia takriban meta 17.7. Akitaka miwili, lazima apunguze kasi ghafla, ainame kuvusha gongo mstarini, ageuke na kuchomoka upya; kisha husubiri, na kurudia hayo juani akiwa na pedi miguuni. Misuli ya nyuma ya paja ndiyo inayoteseka hapo, na kilomita kumi za barabarani kila alfajiri haziifundishi kusimama wala kugeuka. Mbio fupi za kwenda na kurudi, zenye mapumziko yaliyopimwa, huifundisha, tena kwa kiwanja kilichosawazishwa na saa tu. Itasemwa kuwa mbio ndefu ndizo msingi. Ni kweli kwa sehemu, kwa kuwa moyo imara humrudishia mchezaji nguvu upesi kati ya mbio moja na nyingine. Lakini hata Simbu, aliyemaliza Tokyo kwa saa 2:09:48 sawa na Amanal Petros wa Ujerumani, alimzidi kwa sekunde 0.03, na ushindi huo ulipatikana kwa kasi ya hatua za mwisho.

Kwa mrushaji wa kasi jambo ni zito zaidi. Mguu wake wa mbele unapotua, ardhi huurudishia kani inayoweza kufika mara tano ya uzito wake au zaidi, wakati huohuo kiuno kikipinda na kujisokota. Ndiyo maana nyufa za mifupa ya kiuno huwapata mno warushaji wa umri mdogo, ambao mifupa yao haijakomaa. Uingereza kwa miaka mingi ilimwekea mrushaji wa kasi wa chini ya miaka 15 ukomo wa ova 6 mfululizo (kila ova ni mipira sita) na 12 kwa siku. Wapo watakaosema mtoto wa hapa ameshakomazwa na jembe. Nguvu anayo, sikatai. Ila kiuno kilichoinamia alizeti na vitunguu tangu asubuhi ndicho kilekile kitakachorusha jioni, kwa hiyo msimu wa kilimo unadai ova chache zaidi. Na anayenitajia Frank Nsubuga wa Uganda, aliyetoa mikimbio 4 tu katika ova 4 kwenye Kombe la Dunia la 2024 akiwa na miaka 43, akumbuke kuwa yule huzungusha mpira polepole. Mzigo wake si wa mrushaji wa kasi.

Basi mwalimu awe na daftari la mipira iliyorushwa na siku za shamba. Kijana akilalamika maumivu ya upande mmoja wa kiuno yanayozidi anaporusha, asikandwe na kurudishwa uwanjani. Aache kurusha siku hiyohiyo na apelekwe hospitali.